Ufunguo wa Ghala Ukae kwa Nani?

MNUNUZI: Nianze na swali ambalo watu wa ushirika hawalipendi. Ni Septemba. Mkulima ana magunia mawili ya korosho uani, mtoto amelazwa, na mnada wa kwanza haujatangazwa. Nimefika kwake na pesa taslimu. Kwa nini nikimpa naitwa mhujumu? Mikorosho alipanda babu yake, palizi kafanya yeye, dawa ya salfa kapuliza yeye. Halafu anaambiwa mlango wa kuuzia ni mmoja tu, na ufunguo wa mlango huo hana. Hayo mnayaita kujitegemea. Mimi naona ni kumtegemea karani.

AFISA USHIRIKA: Unasema kana kwamba tulikuta wakulima wanastarehe tukawaharibia. Kabla ya stakabadhi ghalani kuanza Mtwara msimu wa 2007/08, mnunuzi ndiye aliyekuja na mizani yake, bei yake na daftari lake. Mkulima akiuliza kijiji jirani wanalipwa ngapi, anaambiwa gari linaondoka. Leo mzigo unapimwa kwenye chama cha msingi, unapangwa madaraja, unakwenda ghala kuu. Wanunuzi wanashindana, bei zinasomwa mbele ya wakulima, na wakulima wana haki ya kuzikataa. Na yule mtoto uliyemtaja, ndugu yangu, hukumlipia dawa. Umenunua ugonjwa wake. Kilo uliyoichukua kwa elfu moja mwezi wa tisa, mwezi wa kumi na moja unaiingiza ghalani kwa jina la shemeji yako, unalipwa mara mbili, pengine tatu.

MNUNUZI: Na hatari mbona huzihesabu? Nalipa papo hapo, nabeba mwenyewe, zikiharibika ni zangu, nikikamatwa njiani mzigo wote umekwenda. Chama cha msingi mwezi wa tisa hakimpi mtu hata kidonge. Mimi ndiye benki ya wasio na benki. Riba yangu ni kubwa, sikatai. Nileteeni mwenye riba ndogo anayekubali kuamshwa saa nane za usiku, nami nitafunga kazi.

(Kwa msomaji asiye wa kusini mwa Tanzania: ununuzi huu wa kificho, nje ya ghala na mara nyingi kwa kipimo kisicho rasmi, ndio unaoitwa kangomba. Serikali inaukataza. Sijawahi kufika kijiji cha korosho ambako haufahamiki ni nyumba ya ngapi kutoka msikitini.)

MKULIMA: Mnanigombania kama posa ya binti ambaye hajaulizwa. Mmoja ananiokoa na dhiki, mwingine ananiokoa na yule mwokozi wa kwanza. Nina umri wa kukumbuka waokozi wengi. Mwaka 1974 tulihamishiwa kijijini ili tupate shule, zahanati na maji. Shule tuliipata, sitaficha. Lakini mikorosho tuliiacha huko nyuma, mwendo wa saa mbili na zaidi, pori likaimeza. Bei ya mamlaka ya korosho ikawa duni. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia kwenye maua, hakuna wa kuupiga vita. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Kufika 1986/87 tulikuwa chini ya tani 20,000. Hakuna mlanguzi aliyeweza kutufanyia hivyo, huyu kijana hapa hana nguvu hizo. Kazi kubwa namna ile humhitaji mtu anayetupenda sana.

AFISA USHIRIKA: Mzee, hapo unachanganya ushirika na serikali. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, kazi yao ikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Zao lilipokuwa linakufa, ushirika haukuwapo hata wa kulaumiwa. Ulirudishwa kwa sheria ya 1982, kwa sababu pengo lilionekana. Ukitaka kujua ushirika ni nini, tazama Kilimanjaro: wakulima wa kahawa walijikusanya tangu enzi za ukoloni, chama chao kikuu, KNCU, kikaandikishwa 1933, watoto wa Wachaga wakasomeshwa kwa kahawa.

MKULIMA: Ukishataja Kilimanjaro, malizia. Chama cha wakulima wenyewe kilianza 1925, nao walikianzisha kulinda kahawa yao dhidi ya walowezi. Hicho cha 1933 kilikuja baada ya serikali ya kikoloni kutunga sheria ya ushirika mwaka 1932, ili chama kiwe na mrajisi wa serikali juu yake. Mrajisi huyo hajawahi kushuka tangu siku ile. Bendera zimebadilika, yeye yupo.

Tena tusiende mbali. Hapa jirani Songea, kijiji cha Litowa, Ntimbanjayo Millinga na wenzake walianza kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakuna aliyewaswaga. Vijiji vikaongezeka, wakaunda chama chao cha maendeleo cha Ruvuma, wakawa na kinu chao cha kusaga mjini Songea, na shule iliyofundisha watoto mambo ya kijiji chao. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu. Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea, lilipotangazwa 1967, wao walikuwa wameshalitenda. Septemba 1969 wakubwa wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wakakivunja chama kile, mali ikachukuliwa. Niambie kosa lao, Bwana Ushirika. Mimi nasema walikuwa wamefika mahali ambapo mkubwa wa mkoa hana cha kuwapa wala cha kuwanyima.

AFISA USHIRIKA: Siwezi kuwasemea watu wa 1969. Ila nitakuuliza swali ambalo wazee hamlipendi. Waliovunja vyama 1976 walikuwa wameshika nini mkononi? Walikuwa na malalamiko ya wakulima. Tangu 1966 tume maalumu ya Rais ilikuwa imekagua vyama vya ushirika na kukuta ubadhirifu, upendeleo na hesabu zisizofungwa. Mlango ambao serikali huingilia hufunguliwa kutoka ndani. Karani anayechezea mizani, mwenyekiti anayeandika kilo hewa, katibu anayekata unyaufu mara mbili, hao hawakutoka Dodoma. Mliwachagua mkiwa mmekaa chini ya mwembe, mkapiga makofi.

MNUNUZI: Ahsante, umenifanyia kazi yangu. Liwale, Aprili 2013. Wakulima walisubiri malipo ya pili ya korosho, zikaja pesa pungufu ya walizoahidiwa, nyumba za viongozi zikachomwa moto. Mimi nimefanya biashara hii miaka, nimetukanwa sana, lakini sijachomewa nyumba. Unajua kwa nini? Mtu akiniuzia anajua siku hiyo hiyo kwamba nimempunja. Ninyi mnampunja kwa awamu.

AFISA USHIRIKA: Na baada ya Liwale utaratibu ulibadilishwa. Malipo sasa ni ya mara moja, yanapita benki, kwenye akaunti ya mkulima.

MKULIMA: Benki iliyo mjini. Nauli kwenda, nauli kurudi, na foleni ya kutwa. Endelea.

MWEKA HAZINA WA KIKUNDI: Shikamoo, mzee wangu.

MKULIMA: Marahaba, mama.

MWEKA HAZINA: Nimewasikiliza. Mmezungumza tani, wizara na miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa. Nitazungumzia sanduku. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hakizidi watu 30, na hatutaki kizidi, maana mkizidi hapo hamjuani. Sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, sanduku linalala kwa mtu wa nne. Kila wiki linafunguliwa mbele yetu sote, pesa zinahesabiwa kwa sauti. Kabla halijafungwa kila mtu anaambiwa salio ashike kichwani, na wiki ijayo kabla halijafunguliwa tunaulizwa. Bibi mmoja hajui kusoma, lakini ukikosea shilingi mia anakusimamisha. Mkopo ni hadi mara tatu ya hisa zako. Kuna mfuko wa jamii, huo hauna riba, ni wa ugonjwa na msiba. Mwisho wa mzunguko tunagawana hisa na faida, linabaki tupu, tunaanza tena. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, watu wa jangwani, wasiojua kusoma wengi wao. Hakuna mrajisi aliyewabuni.

Kwa hiyo yule mtoto wa mwezi wa tisa, mama yake akiwa kwetu, analala hospitali na korosho ziko palepale uani. Kaka yangu hapa anapita na pikipiki yake, anaambiwa arudi mwakani.

MNUNUZI: Dada, nakuheshimu, na mke wangu ni mwanakikundi, kwa hiyo nasema kwa adabu. Pesa inayozunguka humo ni ya nani? Muuza maandazi anamkopesha muuza samaki, muuza samaki anamkopesha mwenye genge. Wote watatu wateja wao ni mkulima mwenye korosho. Korosho zikilala, sanduku linalala nazo. Pesa yenu haizai, inapasiana. Tena niambie ukweli: mwezi wa saba na wa nane, watu wote wanataka pesa ya palizi na ya salfa kwa pamoja, humo mnabaki na nini?

MWEKA HAZINA: Tunabaki na daftari.

MNUNUZI: Na wanaokosa wanakwenda wapi?

MWEKA HAZINA: Kwenye kausha damu, mikopo ya riba kali. Sitadanganya mbele ya mzee. Wapo wanaokopa kausha damu ili walipe rejesho la kikundi, halafu wanaingia kikundi cha pili ili walipe kausha damu. Nimeona meza ikichukuliwa, nimeona godoro likichukuliwa. Lakini sababu hujaitaja. Mume anauza korosho Novemba, pesa inaingia kwenye akaunti ya mume. Pikipiki inanunuliwa, ngoma ya unyago inachezwa kwa fahari, Februari tunaambiwa msimu ulikuwa mbaya. Sanduku letu linabeba mwaka mzima wa nyumba ambayo pesa yake ya msimu hatukuiona.

MKULIMA: Ngoma ya unyago ni ya wanawake wenzako, usinibebeshe.

MWEKA HAZINA: Ni yetu, na pikipiki je?

(Hapa palikuwa na kicheko, na Afisa alikitumia vizuri.)

AFISA USHIRIKA: Mama, kwa kazi yenu hiyo ndiyo maana serikali ikaweka mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 nayo iliwataka mjisajili ili mlindwe. Mkibaki na kufuli zenu tatu mtakuwa salama, lakini mtakuwa wadogo daima.

MWEKA HAZINA: Tumejisajili. Tukaandika katiba, tukapiga picha, tukafungua akaunti. Vikundi tunavyovijua vilikuwa vikisubiri ule mkopo, halafu vikatokea vikundi ambavyo hatujawahi kuviona vikikutana mahali, vikapewa. Aprili 2023 serikali yenyewe ikaisimamisha, kwa sababu pesa nyingi hazikurejeshwa na vikundi vingine vilikuwa hewa. Imerudi 2024 na utaratibu mpya, sawa. Lakini mimi nimejifunza kitu cha pesa ya nje. Pesa ya hisa mtu akishindwa kuilipa, anapita njia ya nyuma asinione. Pesa ya halmashauri akishindwa kuilipa, ananisalimia kwa furaha.

MKULIMA: Hilo la kweli kabisa.

AFISA USHIRIKA: La kweli kwa watu 30. Sasa nileteeni watu 30 wenye magunia mawili mawili, wakabiliane na mnunuzi wa Vietnam au India anayetaka makontena. Atawaona? Korosho yetu nyingi inakwenda huko ikiwa ghafi. Huyo hanunui kwa Mama Fulani. Ananunua maelfu ya tani kwa mkupuo, na dawa ya mnunuzi mkubwa ni muuzaji mkubwa. Ndiyo kazi ya chama kikuu, ndiyo kazi ya mnada. Kujitegemea kwa mtu mmoja mmoja mbele ya soko la dunia ni kujidanganya. Mnakumbuka Oktoba 2018? Wakulima wa Tandahimba na Newala walisomewa bei mnadani, ziko chini ya shilingi 3,000, wakati mwaka mmoja nyuma minada mingine ilifika 4,000. Wakakataa. Mkulima mmoja na gunia lake asingeweza kukataa. Walikataa kwa sababu mzigo ulikuwa pamoja.

MNUNUZI: Na baada ya kukataa? Simulia yote.

AFISA USHIRIKA: Serikali iliingilia.

MNUNUZI: Mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300, jeshi likaleta malori. Siku ile nami nilishangilia, bei ilikuwa nzuri. Kisha ukaja uhakiki. Mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba lake. Walikuwa wanatutafuta sisi wa kangomba, najua. Lakini wakulima halali walikaa miezi wakisubiri malipo. Wanunuzi binafsi walikuwa wamekwishaondoka. Ghala limejaa na mfukoni hamna kitu.

MKULIMA: Mimi siku ile ya kukataa nilikuwepo. Nataka isemwe kama ilivyokuwa, kwa sababu kila mtu anaisimulia kwa faida yake. Bei zilisomwa, watu wakanyamaza, kisha wakasema hapana. Wazee, vijana, wote. Ile hapana ilikuwa yetu. Tungeachwa wiki mbili, tatu, pengine wangerudi na bei ya katikati, pengine wasingerudi tukala hasara, lakini tungejua uzito wa neno letu sokoni. Hatukuachwa. Alikuja mtu mwenye nguvu zaidi akaichukua ile hapana akaifanya yake, na kuanzia hapo mgogoro ukawa wake na wanunuzi, sisi tukawa watazamaji wenye magunia.

AFISA USHIRIKA: Ungelaumu pia kama serikali ingekaa kimya.

MKULIMA: Ningelaumu. Ni haki yangu. Lakini mwaka ule ule, kabla ya mnada, kilitokea kitu ambacho hukitaji. Korosho ghafi ikitoka nje inalipiwa ushuru. Asilimia 65 ya ushuru ule ilikuwa inarudi kwenye zao, salfa ikinunuliwa humo, utafiti humo. Mwaka 2017 salfa iligawiwa bure, mavuno ya msimu ule yakapita tani 300,000, haijawahi kutokea. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote uende mfuko mkuu. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni, haikusaidia. Misimu iliyofuata mavuno yakashuka. Sasa mnapokuja kunifundisha kujitegemea, nauliza: nijitegemee kwa kipi? Nilikuwa nimeshajitegemea. Salfa ilinunuliwa na korosho zenyewe.

AFISA USHIRIKA: Fedha ile ilikwenda kwenye barabara na hospitali za nchi nzima, na kwenu pia zimejengwa. Na pembejeo za ruzuku zimerudi miaka ya karibuni. Msimu wa 2024/25 zao lilipita tani 500,000. Hayo hayakuja kwa kufuli tatu, samahani mama.

MKULIMA: Zimerudi kama zawadi. Zilipoondoka zilikuwa haki.

MWEKA HAZINA: Mimi nina neno juu ya hizo tani. Tani laki tano zimetoka, na kijiji chetu kimebaki na nini? Mabibo ya kutengenezea pombe ya uraka. Korosho inakwenda kubanguliwa ng'ambo, inarudi Dar es Salaam kwenye pakiti yenye picha. Kikundi chetu tunabangua kidogo kidogo, kwa mkono. Mafuta ya ganda yanachuna vidole, tunapaka majivu. Kilo nne hadi tano za ghafi zinatoa kilo moja ya korosho zilizobanguliwa, na kilo hiyo moja tunaiuza stendi kwa bei ambayo mzee hajawahi kuisikia mnadani. Kama kuna kuinua kijiji, kumo humo.

MNUNUZI: Hapo ndipo ninapowasikitikia, na nasema kama mfanyabiashara. Tatizo la kubangua halijawahi kuwa mashine. Miaka ya 1970 nchi ilijengewa viwanda 12 vya kubangua, kwa mikopo mikubwa ya nje. Vilipokamilika, korosho zenyewe zilikuwa zimekwisha mashambani, kama mzee alivyosimulia. Vilikaa kimya, vikaja kubinafsishwa, vingine vikawa maghala. Na leo, mwenye kiwanda anatakiwa anunue ndani ya miezi mitatu korosho za kubangua mwaka mzima. Pesa zote Oktoba hadi Desemba, mauzo hadi mwaka unaofuata. Nani ana mtaji wa kulala hivyo? Mhindi na Mvietnamu wana benki zinazowakopesha kwa riba ndogo. Sanduku lako, dada, linavunjwa kila mwisho wa mzunguko ili watu wanunue sare za shule. Huwezi kulisha kiwanda kwa pesa inayotaka kurudi nyumbani Desemba.

MWEKA HAZINA: Basi isirudi yote.

MNUNUZI: Waambie.

MWEKA HAZINA: Nimewaambia. Theluthi moja ya wanakikundi wakakubali ibaki, theluthi mbili wakataka chao. Sikuwalaumu. Mtu aliyewahi kuona chama kikila pesa anataka aishike mkononi, aihesabu, ndipo aitoe tena.

AFISA USHIRIKA: Ndiyo maana kunahitajika chombo kikubwa kuliko kikundi. Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025, na vyama vya ushirika ni miongoni mwa wanahisa wake. Chama cha msingi kikopeshwe, mkulima apate malipo ya awali Septemba korosho zikiwa ghalani, kikundi cha mama kikopeshwe ghafi ya kubangua. Huyu bwana akose kazi kihalali.

MKULIMA: Benki ya ushirika na maendeleo vijijini tulikuwa nayo miaka ya 1980. Mwaka 1996 ikabinafsishwa, sasa ni benki ya biashara kama nyingine, inaendelea vizuri sana, na mimi sina neno nayo. Lakini usiniambie hii ni ya kwanza.

AFISA USHIRIKA: Sikusema ya kwanza. Nasema hii ina wanahisa ambao ni ninyi. Mzee, kila ninachokitaja unakitafutia kaburi lake. Sawa, makaburi yapo. Sasa unataka nini? Soko huria, huyu hapa. Ushirika, mimi hapa. Kikundi, mama huyu. Chagua.

MKULIMA: Nataka ushirika.

MNUNUZI: Baada ya yote hayo?

MKULIMA: Baada ya yote hayo. Wewe, kijana wangu, ukipata hasara misimu miwili utahamia ufuta Lindi, au mbaazi, au utafungua duka la simu. Sikulaumu, biashara ina miguu. Mkorosho hauna, unanibakisha hapa. Kwa hiyo nabaki na watu ambao nao hawawezi kuondoka. Ila makato nataka yasomwe kwa sauti kama zinavyohesabiwa pesa za sanduku la mama. Ushuru wa halmashauri shilingi ngapi, chama kikuu ngapi, chama cha msingi ngapi, ghala ngapi, usafiri ngapi. Yasomwe kabla ya korosho kupanda gari, na tukiyakataa yakatwe upya. Bei naambiwa nina haki ya kuikataa. Makato hakuna aliyewahi kuniuliza.

AFISA USHIRIKA: Makato yanapita kwenye mkutano mkuu.

MKULIMA: Yanapita, ndiyo. Yakiwa yameshapangwa wilayani, tunasomewa saa saba mchana, watu wana njaa.

AFISA USHIRIKA: Basi msipige makofi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 iko upande wenu, mwanachama ana kura moja, awe na gunia moja au mia. Tatizo mnakuja mkutanoni mara moja kwa mwaka, tena wachache.

MWEKA HAZINA: Mwanachama nani? Maana tunasema wanachama, wakulima, sisi. Mimi nimepalilia mikorosho tangu nilipoolewa. Nimeokota, nimeanika, nimechambua daraja la kwanza na la pili. Gunia likifika kwenye mizani, jina linaloandikwa si langu. Kwenye mkutano mkuu wa chama chenu wanawake wanapika.

AFISA USHIRIKA: Hakuna sheria inayomzuia mwanamke.

MWEKA HAZINA: Sheria hakuna. Mume yupo.

MKULIMA: Huku kwetu, mama, Wamakonde, Wamakua, Wayao, ukoo unahesabiwa kwa upande wa mama. Usituseme kama watu wa bara.

MWEKA HAZINA: Unahesabiwa kwa mama, ardhi ya mahindi na mihogo. Mkorosho ulipoanza kuleta pesa, mti ukapata mwenyewe, akaurithisha kwa mwanawe wa kiume, na hakuna mjumbe wa ukoo aliyepiga kelele. Nataka wanawake 30 wa sanduku langu waingie kwenye chama kwa majina yao, kwa hisa zao wenyewe. Pesa za kiingilio tunazo. Na mmoja wetu ashike ufunguo wa ghala, ufunguo mmoja kati ya funguo tatu, mwenyekiti na karani wabaki na zao.

MNUNUZI: Mkifika huko nitahamia ufuta mapema kuliko alivyosema mzee.

AFISA USHIRIKA: Ghala la chama lina utaratibu wake wa funguo, mama, kuna mwendesha ghala mwenye leseni.

MWEKA HAZINA: Nazungumzia ghala la hapa kijijini, ambalo magunia yanalala kabla gari halijaja. Hapo ndipo kilo zinapopungua usiku.

MKULIMA: Na siku zikipungua ukiwa na ufunguo wewe?

MWEKA HAZINA: Utanishtaki, mzee wangu, na utashinda. Mwenyekiti wa sasa umeshindwa kumshtaki misimu mitatu kwa sababu ni mjomba wako.